Aliyechelewa ni nani?

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: je, kila mwanafunzi wa chuo kikuu, hata anayesomea fasihi au sheria, afundishwe kusoma na kutumia data, kazini na maishani, na kama ndiyo, aanzie wapi? Nimefundisha takwimu za mwaka wa kwanza kwa miaka kadhaa, na wengi wa wanafunzi wangu huingia darasani wakiwa wameshajiambia kwamba hesabu si fungu lao. Jibu langu ni ndiyo, wafundishwe wote. Ila wasianzie kwenye fomula, wala kwenye kompyuta. Waanze kwa kuhesabu kitu wenyewe, kwa macho yao.

Zoezi ninalolitumia ni dogo. Wiki ya kwanza nawagawa makundi matatu, nawasimamisha kwenye mlango wa ukumbi wa mihadhara, kisha nawaambia: nileteeni idadi ya waliochelewa. Sisemi zaidi ya hapo. Ukumbi ni mmoja, mlango mmoja, asubuhi ileile. Mara ya kwanza kufanya hivyo, kundi moja lilirudi na 14, jingine 31, la tatu 22. Kila kundi likawatazama wenzao kama watu wasiojua kuhesabu, na kelele zikaanza.

Tukakaa tukachambua. Kundi la kwanza lilihesabu walioingia baada ya mhadhiri kuanza kuzungumza, na siku hiyo mhadhiri alianza dakika 10 baada ya saa. La pili lilihesabu kila aliyevuka kizingiti baada ya saa kutimia, pamoja na waliokuwa wameshaingia wakatoka kupokea simu na kurudi. La tatu lilitoa dakika 5 za uungwana kwa sababu, walisema, mtu hawezi kuitwa mchelewaji kwa dakika 5. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekosea kujumlisha. Nikaandika ubaoni swali moja, "Aliyechelewa ni nani?", na kipindi chote kilichobaki kikaishia kwenye swali hilo.

Ninalishikilia zoezi hili kwa sababu swali la mlangoni limo ndani ya kila takwimu watakayokutana nayo. Chukua kiwango cha ukosefu wa ajira. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Aliyetafuta mpaka akakata tamaa akabaki nyumbani hahesabiwi. Kwa hiyo kiwango hicho kinaweza kushuka kwa sababu watu wamepata kazi, na kinaweza kushuka kwa sababu watu wameacha kutafuta. Mwanafunzi aliyesimama mlangoni huielewa hoja hii kwa dakika mbili. Wasiosimama nimewaeleza kwa saa nzima, na bado wakaniuliza ipi hasa ndiyo namba sahihi.

Kwa upande wa kazi, ningependa kila mwanafunzi akijue kisa cha Thomas Herndon. Mwaka 2010 wanauchumi wawili wenye jina kubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba deni la serikali likipita asilimia 90 ya pato la taifa, uchumi kwa wastani husinyaa kwa asilimia 0.1 kwa mwaka. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka serikali zibane matumizi waliishika namba hiyo kama ushahidi. Herndon alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, na darasani walikuwa wamepewa kazi ya kawaida: chagueni makala iliyochapishwa, mrudie hesabu zake. Za kwake zikagoma kutoka. Akawaandikia waandishi, nao wakampa faili lao la Excel, programu ya kompyuta ya kuhesabu kwa majedwali. Alipoifungua seli yenye wastani, yaani kisanduku chake kwenye jedwali, akaona fomula imeishia mstari wa 44, wakati data zinaendelea hadi mstari wa 49. Nchi 5 kati ya 20 zilikuwa zimeachwa nje.

Kosa hilo la fomula ndilo lililovuma mwaka 2013, lakini mimi huwakalisha wanafunzi kwenye jambo jingine. Katika wastani ule kila nchi ilipewa uzito sawa. Uingereza ilikuwa na miaka 19 ya deni kubwa, na katika miaka hiyo uchumi wake ulikua kwa wastani wa asilimia 2.4. New Zealand iliingia na mwaka mmoja tu, 1951, ambapo uchumi ulishuka kwa asilimia 7.6. Mwaka mmoja ukasimama sawa na miaka 19. Hapo hakuna kidole kilichoteleza. Ni uamuzi, kama ule wa dakika 5 za uungwana, na anayeusoma wastani peke yake hawezi kuuona. Herndon na walimu wake wawili walipohesabu upya, wakairudisha na miaka mingine iliyokuwa imeachwa, uchumi ulionekana kukua kwa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la fomula, wakashikilia kwamba hata hivyo deni kubwa huandamana na ukuaji mdogo. Mjadala wa madeni haukwisha siku ile, na sitaki wanafunzi wangu waondoke wakidhani umekwisha. Nataka waondoke wakijua kwamba mwanafunzi mwenye faili mkononi na ujasiri wa kuuliza anaweza kuwa sahihi mbele ya maprofesa.

Wengi wao hawatakuwa watafiti. Watapewa lahajedwali iliyojazwa na mtu aliyekwisha kuhama idara, yenye seli tupu hapa na pale, na bosi anataka jibu kabla ya jioni. Seli tupu maana yake nini? Sifuri? Hakuulizwa? Alikataa kujibu? Ili walione hili nawapa kazi ya kuandika saa walizolala kila usiku kwa siku 14. Mwanafunzi mmoja aliniletea wastani wa saa 7 na dakika 20, na siku 4 hazikujazwa. Nikamuuliza siku hizo zilikuwa zipi. Akaangalia kalenda, akanyamaza, kisha akasema ni zile alizokesha akimalizia kazi za kukusanya. Alikuwa amechoka mno hata kukumbuka kuandika. Usingizi mbaya ulikuwa umejifuta wenyewe kwenye jedwali. Sijapata mfano bora kuliko huo wa data inayokosekana kwa sababu ya kilekile kinachopimwa, na ulitoka kwenye daftari la mtoto wa watu aliyedhani kazi yake imekamilika.

Sasa maisha. Hapa naona vyuo vinawanyima wanafunzi haki yao, maana mtu anaweza kufaulu mtihani wa uwezekano kwa alama za juu na bado karatasi ya majibu ya hospitali ikamtetemesha bila sababu. Fikiria ugonjwa unaompata mtu 1 kati ya 100. Kipimo chake huwabaini wagonjwa 90 kati ya kila 100, na huwasingizia wazima 9 kati ya kila 100. Umepimwa, jibu linasema unao. Uwezekano kwamba unaumwa kweli ni kiasi gani? Darasani wengi hujibu asilimia 90. Basi tuwapange watu 1,000 uwanjani. Wagonjwa ni 10. Kipimo kinawaona 9. Wazima ni 990. Kipimo kinawasingizia kama 89. Walioambiwa wanaumwa ni 98, na wanaoumwa kweli kati yao ni 9. Hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Mwanasaikolojia wa Ujerumani Gerd Gigerenzer ameonyesha katika tafiti za miaka mingi kwamba hata madaktari hukwama swali kama hili likija kwa asilimia, na wengi zaidi hulimudu likija kwa vichwa vya watu. Ndiyo maana kwangu asilimia haipiti darasani bila kuulizwa: ya watu wangapi?

Swali hilo lilihitajika sana Uingereza mwaka 1995. Mwezi Oktoba tahadhari ilitolewa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Neno maradufu likasambaa, na wanawake wengi wakaviacha ghafla. Hatari yenyewe ilikuwa imetoka kwa takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 ikafika 2 kati ya 7,000. Mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa maelfu, na ujauzito wenyewe hugandisha damu kuliko vidonge vile. Tahadhari haikuwa ya uongo. Waliosikia "maradufu" hawakuambiwa maradufu ya nini.

Kuhusu programu, najua wasomaji wengine watasema wafundishwe Excel na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kuwa mwajiri ndivyo anavyotaka. Wafundishwe. Lakini programu nayo hufanya maamuzi bila kumuuliza mtu. Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni, yaani vinasaba vya urithi, kama MARCH1 na SEPT1 kuwa tarehe, ikachafua majedwali ya wanasayansi kwa miaka, mpaka kufikia mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikawa imeyabadilisha majina yenyewe. Mtu asiyejua data zake zinapaswa kuonekanaje hataligundua kosa la namna hiyo, hata awe fundi wa fomula kiasi gani.

Njia yangu hii ina hatari moja, na nilichelewa kuiona. Muhula mmoja, baada ya wiki chache za kuonyeshwa jinsi namba zinavyoyumba, mwanafunzi wa sheria, msichana makini sana, alisimama akasema: "Mwalimu, basi takwimu zote ni maneno ya mtu tu. Kwa nini niamini hata moja?" Iliniuma, kwa sababu alikuwa amenielewa vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishia katikati ya safari, nikiwafundisha kushuku na kuacha kuwafundisha namba nzuri hutengenezwaje. Nimeona wanaotoka chuoni hivyo. Hawakagui tena chochote. Namba wasiyoipenda wanaitupa, wanayoipenda wanaibeba.

Tangu hapo zoezi la mlangoni lina sehemu ya pili. Nilianza na darasa lile lile. Makundi yote matatu yalikaa pamoja yakaandika maana ya aliyechelewa kwa mistari mitatu. Ni mwanafunzi wa kozi hii. Ni anayeingia ukumbini kwa mara ya kwanza siku hiyo. Ni anayeingia baada ya simu moja waliyokubaliana kuonyesha saa kamili. Wakarudi mlangoni, kila kundi likahesabu bila kuzungumza na jingine, wakaniletea karatasi zikiwa zimekunjwa. Nilizifungua mbele ya darasa: 27, 27, 28.

Wakapiga makofi, na sikuwazuia. Yule wa sheria hakupiga. Alitaka kujua huyo mmoja ni nani. Wakapitia karatasi zao, wakamkumbuka kijana aliyekuwa amesimama kizingitini akiongea na mwenzake, mguu mmoja ndani, mwingine nje, saa ilipotimia. Wakabishana kwa karibu nusu saa, kwa sauti za chini safari hii. Mwishowe msichana yule akaja mbele, akachukua kalamu, akaongeza mstari wa nne: mtu atahesabiwa ameingia pale miguu yake yote miwili itakapokuwa ndani.