Re: Kaseti ya tamasha la Neil Young imefifia, niiweke kwenye oveni?

Usiioke, ndugu. Kuoka ni dawa ya mikanda ya rili ya miaka ya 1970 na 1980 ambayo gundi yake imefyonza unyevu ikanata. Kaseti huugua hivyo mara chache, na ganda lake litapinda kwa joto.

Kwanza angalia kisponji kidogo kilicho katikati ya kaseti, nyuma ya utepe. Kikidondoka, utepe haugusi hedi (kichwa cha deki kinachosoma utepe) sawasawa na sauti kali hupotea. Hamishia utepe kwenye ganda lenye skrubu tano.

Kama kisponji kipo, safisha hedi kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, kisha rekebisha mwelekeo wa hedi dhidi ya utepe. Kando yake kuna skrubu yenye springi. Izungushe polepole, robo mzunguko tu, ukisikiliza kwa mono (kushoto na kulia zikiunganishwa) mpaka matoazi yang'ae. Wengi huruka hatua hii, halafu wanaongeza trebo (sauti kali) kwenye kompyuta na kupata mvumo mtupu. Dolby, mfumo wa deki wa kupunguza mvumo, ikiwashwa kwa kaseti isiyorekodiwa nayo, hufifisha vilevile.

Kisha rekodi kwenye kompyuta kwa biti 24, 48 kHz, kilele cha sauti kisizidi -6 dB. Dakika 90 ni kama GB 1.5. Tumia laptopu yenye chaji. Umeme wa hapa Jinja unaujua unavyokatika.

Ukungu mweupe ukionekana, usiicheze kabla ya kuukausha na kuufuta.

Ila kama ni lile tamasha la ukumbi wa Massey Hall, Toronto, Januari 1971, lilitolewa rasmi 2007. Nunua hilo tu.