Kupaliwa bila kukohoa baada ya mionzi ya shingo

Vidonda vya mdomoni vikipona, wengi huona safari ya saratani ya koo au ulimi imekwisha. Kumeza kuna hesabu yake. Tiba kamili ya mionzi mara nyingi ni takribani grei 70 (grei ni kipimo cha kiasi cha mionzi) zilizogawanywa katika vikao 35 kwa wiki 7, na misuli iliyopigwa mionzi huendelea kukakamaa kwa miezi, hata miaka. Zoloto (kisanduku cha sauti) halipandi vizuri, kidaka tonge, yaani kifuniko cha njia ya hewa, kinachelewa kufunika, na chakula kinapita njia ya hewa kwenda mapafuni.

Usisubiri kikohozi kikuonye. Mionzi hufifisha hisia za koo, hivyo mtu anaweza kupaliwa kila mlo na asikohoe hata mara moja. Angalia mambo mengine: sauti inayokuwa na majimaji baada ya kunywa, mlo unaozidi nusu saa, uzito unaoshuka, homa zinazojirudia. Homa hizo kwetu hutibiwa haraka kama malaria, na nimonia, yaani maambukizi ya mapafu yaliyoletwa na chakula hicho, inazidi kukomaa. Mweleze daktari kwamba ulipigwa mionzi ya shingo, hata kama ni miaka 10 iliyopita, na uombe picha ya kifua. Uliza pia kama kipimo cha kumeza kinapatikana: unameza bariamu, kitu kinachoonekana kwenye picha, huku eksirei ikionyesha inakopita.

Maji na chai ndivyo vinavyosumbua zaidi, maana hukimbia kabla koo halijajifunga. Supu yenye vipande ni mbaya vilevile, kwa kuwa mchuzi hutangulia wakati nyama bado inatafunwa. Mtori laini au viazi vilivyopondwa na mchuzi huenda vizuri kwa wengi. Lakini usikimbilie kufanya kila kitu kizito: koo dhaifu huacha mabaki, na mabaki hayo huteleza kwenye njia ya hewa dakika kadhaa baadaye. Ndiyo maana kila tonge linahitaji kumezwa mara mbili.

Njia moja inayofundishwa ni hii: vuta pumzi, ishikilie, meza, kohoa papo hapo kabla ya kuvuta pumzi nyingine, kisha meza tena. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asiijaribu bila kumuuliza daktari. Kuinamisha kidevu pia humfaa mmoja na kumdhuru mwingine, kwa hiyo kipimo kitangulie.

Kaa wima kabisa unapokula, na ubaki hivyo dakika 30 baadaye. Kijiko kiwe cha chai.

Usafi wa kinywa hupuuzwa mno. Mate yakikauka, bakteria hustawi kwenye meno, na kinachoingia mapafuni huingia nao. Piga mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi, baada ya milo na kabla ya kulala. Sukutua kwa robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji. Hata anayelishwa kwa mpira afanye hivyo, kwani mate bado anayameza. Na huyo, kama mtaalamu ameruhusu, aendelee kumeza kidogo kila siku, la sivyo misuli husahau kazi na mpira hautoki.

Homa pamoja na pumzi fupi, maumivu ya kifua au makohozi ya kijani au yenye damu: nenda hospitali siku hiyohiyo.