Upasuaji wa diski: kinachokuuma zaidi ni mguu au kiuno?

Mkuu, umeuliza kama upasuaji wa diski, ule mto laini kati ya pingili za uti wa mgongo, utakumalizia maumivu, maana daktari ameshakuandikia na ndugu wanakutisha kwamba utapooza. Mimi nilifanyiwa, kati ya pingili za L5 na S1, kule chini kabisa kiunoni.

Yangu yalianzia kiunoni, yakashuka takoni na nyuma ya paja mpaka unyayoni, kama waya wa umeme. Chafya moja ilitosha kunitoa machozi. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu, kwa kuwa kipande cha diski kilichochomoza husinyaa chenyewe. Mimi nilimeza dawa na kufanya mazoezi miezi minne, wapi! Mguu wa kushoto ukaanza kulegea, nikashindwa kuusimamia kwa ncha za vidole. Hapo nikakubali.

Daktari aliniuliza, "Unaumia zaidi mguu au kiuno?" Nikaona ananipotezea muda. Kumbe kila kitu kilikuwa hapo. Kinachoondolewa ni kile kipande kinachokandamiza mzizi wa neva inayoshuka mguuni. Diski iliyochakaa inabaki palepale. Mguu ndio wenye matumaini makubwa, kiuno ni bahati yako. Changu hadi leo kinalalamika nikikaa sana.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi ndefu: nusu kaputi, unalazwa kifudifudi, mkato wa sentimita 3 hivi, kesho yake niko nyumbani. Nilipozinduka ule moto wa mguuni haukuwepo. Ganzi ya kidole kidogo cha mguu ilichukua karibu mwaka, maana neva hujirudishia kama milimita 1 tu kwa siku.

Shida ilikuja wiki ya tatu, nilipojiona mzima. Nikainama kunyanyua beseni la nguo zilizoloa, mguu ukashtuka, siku mbili sikulala kwa hofu kwamba diski imechomoza tena. Hilo hutokea kweli, pamoja na kidonda kuingia wadudu au utando wa neva kutoboka. Kupooza ni nadra sana.

Kitandani usiinuke kwa kujikunja: geuka ubavu mwili mzima kama gogo, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Tembea kila siku, kukaa kusizidi nusu saa. Na hili watu huona aibu kulisema: dawa za maumivu hufunga choo, na kujikamua chooni kuliniuma kuliko kidonda. Omba dawa ya kulainisha mapema.

Ukiona mkojo umegoma, au ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, usisubiri majibu ya humu, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Sasa tuambie, kinachokuamsha usiku ni mguu au kiuno? Kama ni kiuno peke yake, mimi ningetafuta daktari wa pili kabla ya kusaini.