Jibu: Je, nikusanye kila rangi ya kadi moja?

Ndugu, umeuliza kama ufuatilie rangi zote za kadi ya Prizm (seti ya kadi za kung'aa za kukusanya za kampuni ya Panini) ya mchezaji wako chipukizi wa NBA. Mimi nakushauri usifanye hivyo. Mwaka 1993 kampuni ya kadi ya Topps ilipotoa seti ya Finest ya besiboli, kulikuwa na kadi 199, na toleo la kung'aa lilikuwa moja tu, rifrakta (kadi ileile yenye uso unaorudisha mwanga kwa rangi za upinde wa mvua), lililopatikana takriban mara moja kwa kila pakiti 18. Ukiipata, moyo unadunda! Siku hizi picha ileile inarudi kwa kijani, nyekundu, zambarau, na michoro ya mawimbi au barafu, na nyingi hazina hata namba ya kuonyesha zimechapwa ngapi. Hapo ndipo panaponiuma: mtoto anafungua pakiti, anaona inametameta, kumbe ziko tele. Waliokusanya mwishoni mwa miaka ya 1980 wanalijua hili, kadi zao zilichapwa kwa wingi mno na nyingi hadi leo haziuziki kwa bei ya maana.

Tafuta ile ya rangi ya fedha, ipo tangu Prizm ya kwanza ya 2012-13 na wanunuzi wanaifahamu. Ukibakiwa na hela, ongeza moja yenye namba, yaani iliyochapwa nakala 99 au chini ya hapo, yenye rangi ya jezi ya timu yake. Hizo nyingine mimi huwagawia watoto wa jirani.