Kona kwenye foili: linda kimo kwanza

Foili ni bawa linalopita ndani ya maji, limeunganishwa chini ya ubao kwa mlingoti; kaiti, yaani tiara kubwa, inakuvuta, na bawa linauinua ubao juu ya maji. Kila anayeanza kuonja raha yake hapa Nyali, Mombasa, huniuliza swali lilelile: kwenye kona nibadilishe miguu lini? Ni swali zuri, ila si la kwanza. Wengi wanaoanguka kwenye kona huwa hawajafika hata kwenye habari ya miguu. Ubao umepanda mno, ncha ya bawa imetoka majini ikavuta hewa, na foili ikaachia ghafla. Au ubao umeshuka, tumbo lake likapiga maji, mwendo ukakatika na mtu akatupwa mbele. Yote mawili yanatokana na kimo. Basi ushauri wangu ni huu: jifunze kuzunguka nusu duara ubao ukikaa umbali uleule juu ya maji, na miguu ibaki palepale ilipo. Ukiweza hilo, mengine yatakuja upesi kuliko unavyodhani.

Nazungumzia kona ya demani, ile unayogeuka kwa kufuata upepo unakokwenda. Kubisha, yaani kugeuka kwa kuukata upepo usoni, kuna mambo yake. Usijaribu kubisha mpaka kona ya demani uimudu pande zote mbili.

Kwanza elewa kwa nini ubao haupendi kutulia. Bawa hubeba kwa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya kuinua huwa mara nne. Kwa hiyo badiliko dogo la kasi hulisikia mara moja chini ya nyayo. Kwenye kona kuna jambo la pili linaloongezeka hapo, nalo ni kaiti. Ikiwa pembeni inakuvuta. Ikipita juu ya kichwa inakuinua, miguu inakuwa myepesi na foili inapanda. Muda mfupi baadaye unaelekea kule upepo unakokwenda, kamba zinalegea, uzito wako wote unarudi juu ya ubao, na foili inashuka. Mtu hudhani foili imemshinda, kumbe anayemyumbisha ni kaiti iliyo juu.

Kazi yako, basi, ni kujibu kila kinachofanywa na kaiti kwa mguu wa mbele.

Anza kabla ya kona. Shusha ubao mpaka nusu ya mlingoti iwe majini. Sababu ni kwamba ukilalia ndani ya kona, ncha ya bawa iliyo upande wa nje huinuka kuelekea usoni mwa maji. Ukiingia kona ukiwa juu sana, ncha hiyo lazima itoboe. Ikikaribia utaisikia: mlio wa kufyonza, fwaaa, kisha mtetemo mdogo unaopanda mlingotini hadi kwenye kisigino. Ukisikia hivyo bado hujachelewa. Kandamiza mbele hapohapo.

Na kukandamiza si kupiga ubao kwa mguu. Kunja goti la mbele mpaka likae sawa juu ya kidole gumba cha mguu, nyonga ziwe juu ya ubao, mabega yasirudi nyuma. Mwangalie anayejifunza anapoingia kona kwa hofu: goti la mbele limenyooka, la nyuma limekunjika, makalio yameenda nyuma. Mkao huo peke yake unainua pua ya ubao hata kabla kaiti haijafanya lolote. Kijana mmoja ninayekwenda naye majini alikuwa na tatizo hilohilo, na dawa yake ilikuwa kumwambia agusanishe kiwiko cha mbele na goti la mbele kila anapoanza kugeuka. Hawezi kufanya hivyo na bado akaegemea nyuma.

Sasa pandisha kaiti, polepole. Kadiri inavyopanda ndivyo unavyoongeza uzito mbele. Ikishapita juu ya kichwa na kamba zikaanza kulegea, punguza uzito huo, kiasi cha kunyanyua kidole gumba tu, si zaidi. Kuongeza na kupunguza huko ndiyo kona yenyewe. Kuugeuza ubao ni kazi ndogo ukilinganisha: hamisha uzito kutoka visigino kwenda vidole, kidogo kidogo, na uchore duara pana. Duara jembamba hukutaka ulale sana na huvunja mwendo, wala mwanafunzi halihitaji. Mpini wa kaiti unaoushika nao usiuvute ili upate pa kujishikilia. Ukiuvuta kaiti inakuinua, na hujakusudia.

Macho yatangulie. Dereva wa bodaboda akikata kona hatazami gurudumu, anatazama anakotokea. Nawe tazama ufuo unaoendea. Ukiangalia ubao kichwa kinainama, mabega yanafuata, na kimo kimekwisha.

Ukitoka kwenye kona utajikuta kifua kimeelekea upepo na uzito uko vidoleni. Kaa hivyo, endelea, pumua. Watu huuona mkao huu kama adhabu na kukimbilia kubadilisha miguu. Mimi nauona ndio shule. Ukiweza kwenda mbali kifua kikiwa kwenye upepo, miguu haitakuhangaisha. Wakati wake ukifika, kaiti iwe juu kidogo, ubao umelala sawa, mguu wa nyuma usogee karibu na wa mbele, kisha wa mbele urudi nyuma, yote miwili ikitua kwenye mstari wa katikati. Fungua foili, weka ubao mchangani, ufanye zoezi hilo macho yako yakiwa kwenye mwamba ulio baharini mbele ya ufuo, mpaka usihitaji kutazama chini.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Ellie Aldridge wa Uingereza na Valentin Bontus wa Austria walichukua dhahabu za mbio za kaiti kwenye Olimpiki ya 2024, huko Marseille, kwa mabawa membamba yaliyoundwa kwa kasi. Wewe unataka bawa kubwa linalobeba hata ukienda taratibu, mlingoti usiozidi sentimita 75, na ubao usio na mikanda ya miguu. Na vaa helmeti.

Liko jambo la huku kwetu ambalo video za wageni hazitakwambia. Wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ukitoka ufuoni kwenda mwambani, upepo unakupata kuliani na mguu wa kulia ndio wa mbele. Kona ya huko nje unaikata kushoto. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ikiingia kuelekea Disemba, upepo unatoka kushoto, mguu wa kushoto uko mbele, na kona ileile inakuwa ya kulia. Na kwa kuwa huko nje ndiko kwenye kina, watu hugeuka huko tu. Wakifika karibu na ufuo, kwenye maji haba na waogeleaji, wanashusha ubao na kuanza upya. Hivyo msimu mzima wanajenga upande mmoja, na Disemba inawakuta kama hawajawahi kugeuka. Usingoje kufika ufuoni. Ukirudi, geukia katikati, maji yakiwa bado yamekupita kichwa, ili kila safari ya kwenda na kurudi ikupe kona mbili, ya kushoto na ya kulia.

Kwa hilo lazima uyajue maji. Wengi huogopa bamvuo kwa sababu tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na yakipwa mwamba na nyasi zinabaki nje. Lakini siku za bamvuo maji hujaa mnamo saa 10 alasiri, upepo ukiwa bado mzuri, na ndizo alasiri ninazozipenda kwa kona. Siku za maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa ndogo, saa hiyohiyo huweza kukukuta na kina kidogo. Angalia jedwali la maji kabla ya kufungua mfuko wa kaiti. Kusi nayo huleta mwani mwingi: ubao ukianza kutetemeka na kuwa mzito bila sababu, shuka, pindua ubao, toa nyasi zilizojikunja mlingotini, halafu ndipo uingie kona.