Burgum alirithi shamba, sio mabilioni
Ndugu, umeuliza kama Doug Burgum alizaliwa tajiri ndo akapata ugavana wa North Dakota, jimbo la Marekani. Hapana aisee, jamaa katoka Arthur, kamji kadogo sana, akiwa chuo alikuwa anapanda mapaa ya watu kusafisha masizi kwenye mabomba ya moshi apate hela, halafu 1983 akaweka rehani shamba alilorithi, dola 250,000 hivi, akaziingiza Great Plains Software, kampuni ya programu za uhasibu, na 2001 Microsoft wakainunua kwa dola bilioni 1.1. Hapo kwenye shamba la familia namheshimu kwelikweli. 2016 mkutano wa chama chake cha Republican ulimpitisha mwanasheria mkuu wa jimbo, ila kwenye kura za mchujo Burgum akambwaga, akawa gavana, akakaa mihula miwili.