Bluu kutoka zambarau kwenye prufu: usinunue katriji nyingine kwanza

Mkuu umesema kalenda unayopanga kwenye InDesign (programu ya kupanga kurasa) ni bluu safi kwenye skrini, ukiprinti prufu (nakala ya majaribio kabla ya kazi yenyewe) inatoka zambarau, na ushabadili katriji mbili bado vile vile. Acha katriji. Prufu yako inakwambia ukweli, yangu mimi ilinidanganya.

Mwaka wa kwanza nafungua kaofisi hapa Mwanjelwa nilipata kalenda 500 za kwaya, sare zao bluu. Nikaprinti prufu kwenye inkijeti yangu, bluu imekolea hatari, mwenyekiti akasaini fasta. Nikatuma faili kiwanda cha uchapaji Dar, mzigo ukaja na basi, nafungua boksi kwaya nzima imevaa zambarau. Nilirudia kwa hela yangu.

Shida ni kwamba faili ilikuwa RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani, bluu), na inkijeti ukiipa RGB inajipigia rangi inavyojua yenyewe, lakini mashine ya ofseti, ile ya kiwandani, ina wino nne tu (sayani, majenta, njano na nyeusi, ndo CMYK), bluu lazima itengenezwe kwa sayani na majenta, sasa ikigeuzwa CMYK mara nyingi majenta inapanda hadi inaikaribia sayani, hapo ndo zambarau hiyo. Fungua hiyo rangi uangalie namba. Majenta iwe chini ya sayani kwa 30 au zaidi, mimi napenda C100 M60 (sayani 100, majenta 60). Bluu iliyo ndani ya picha, kama zile sare, hiyo unairekebisha Photoshop, hakuna njia ya mkato.

Halafu prufu yenyewe. Kwenye dirisha la kuprinti ingia Color Management, chagua Proof badala ya Document. Profaili ya prufu (faili inayoeleza rangi zinavyotoka kwenye mashine na karatasi fulani) unaiweka kwanza kwenye View > Proof Setup > Custom, iwe ya karatasi itakayotumika kiwandani (waulize kabla, usibuni); ile Printer Profile ya kwenye dirisha la kuprinti ni ya printa yako. InDesign ndo iamue rangi, kwenye draiva ya printa zima marekebisho yote, maana zikirekebisha zote mbili umeharibu. Na usitoe prufu kwenye karatasi ya picha inayong'aa wakati kazi inaenda kwenye bondi (karatasi ya kawaida isiyong'aa), bondi inakunywa wino, rangi inapoa.

Maandishi madogo meusi yaweke K100 peke yake, yaani wino mweusi tu. Nyeusi ya wino nne ikihama kidogo tu kwenye mashine tarehe zinakuwa na kivuli, na kwenye inkijeti hutaiona kabisa hiyo.

Kuangalia pia kuna kazi yake. Chini ya taa za LED za fremu yangu kila bluu ni nzuri, kwa hiyo mteja namtoa mpaka mlangoni, kivulini, hata kama ni mwezi wa saba na baridi ya Mbeya anatetemeka, aangalie kwenye mwanga wa mchana ndo asaini juu ya karatasi yenyewe.

Jaribu hiyo M60, ikizingua tupia hapa namba za hiyo bluu tuone.